Mheshimiwa Fisi na Viti 275

Januari 1991, baada ya miaka 21 ya kunguruma, Simba alitoroka Mogadishu ndani ya kifaru. Mbuzi wakapiga vigelegele usiku kucha. Kulipopambazuka walimkuta Fisi amefunga kamba katikati ya barabara ya Baidoa.

"Ni kwa usalama wenu," alisema. Kupita ni debe la mtama. Asiye na mtama aache mtoto.

Mwaka uliofuata njaa ikaingia Baidoa, na malori ya nafaka yakaletwa kutoka ng'ambo. Wenye malori walimwogopa Fisi, basi wakamwajiri awalinde dhidi ya fisi. Ujira wake, yasemekana, uliandikwa vitabuni "msaada wa kiufundi", na mimi sijasikia jina la heshima kuliko hilo la kumlipa mwizi asiibe. Kwa ujira huo akanunua meno ya chuma na kuyafunga nyuma ya pikapu.

Mikutano ya amani ikaitishwa, ikavunjika. Mwisho jirani Kenya akawaita wanyama Eldoret, mwaka 2002, kisha Mbagathi, Nairobi. Aalikwe nani? Waandaaji wakaamua kwamba amani huletwa na anayeweza kuivuruga. Fisi akapewa chumba na posho. Mbuzi hakuwahi kuvuruga chochote, kwa hiyo hakuwa na sifa.

Mgawanyo wa viti ndio uliokuwa na utamu wake. Viti 275: koo kubwa nne zikapata 61 kila mmoja, na waliobaki, swala, sungura, kuku na kila asiyetisha, wakapewa 31 wagawane. Wakaitwa nusu.

"Nusu ya nini?" Sungura aliuliza. Akaambiwa hilo litajadiliwa kwenye kamati.

Mbuzi walihesabiwa katika ukoo wa Fisi, kwa kuwa jamaa zao wengi walikuwa wameshaingia tumboni mwake.

Fisi akatoka Nairobi akiwa Waziri wa Usalama. Mbuzi mmoja jike akamkuta barabarani, kambani palepale.

"Mheshimiwa, si mlisema vizuizi vimekwisha?"

"Vimekwisha, mama. Hiki ni kituo cha ushuru."

Madebe yakawa mawili. La pili lilikuwa la risiti.

Februari 2006 Bunge likakaa Baidoa, ndani ya ghala la nafaka, na Fisi hakuhitaji kuonyeshwa mlango wa nyuma. Ikapitishwa kwamba kila mwenye meno ayasalimishe, na atalipwa. Fisi alikuwa wa kwanza. Alileta gunia, akapigwa picha nalo, akatoa hotuba ndefu kuhusu kusameheana. Karani alipolifungua akakuta meno madogo meupe: ya utotoni, yaliyong'oka yenyewe zamani. Akamtazama Mheshimiwa, akatazama pikapu iliyoegeshwa nje, akaanza kuhesabu. Alimlipa kwa kila jino, kisha akamwomba atie saini.

Fisi hakuwa na kalamu. Akaing'ata karatasi pembeni, na alama ikatoka vizuri sana.