Mgeni Rasmi Hafundishwi
Mfalme George wa Sita wa Uingereza alianza kunolewa na mtaalamu wa usemi, Lionel Logue, mwaka 1926. Septemba 3, 1939, alipolihutubia taifa redioni kuhusu vita, Logue alikuwa bado yuko pembeni yake. Miaka 13 mtu mzima anafundishwa kupumua, maskini!

Mgeni rasmi wetu hana shida hizo. Ni mzoefu, hotuba ni ileile, zinabadilika harusi tu. Juzi alisema “kwa hayo machache”, akanywa maji, akaanza upya. Pilau likapoa, bibi harusi akavua viatu chini ya meza, MC akashangilia.

Ukimdokezea atafute wa kumkosoa, anakuuliza: “Wewe umehutubia wapi?” Na kabla hujajibu, anakusimulia alikohutubia yeye.