Behewa la Urithi

Katika nchi hii, ukisahau ndoo nje usiku mmoja, asubuhi utachotea maji kwa sufuria. Nyaya za simu zinakatwa, mifuniko ya mitaro inang'olewa, vibao vya barabarani vinageuzwa majiko ya mkaa. Lakini hebu achiwa behewa la treni shambani, ndipo utajua jinsi watu walivyo waaminifu. Litakaa hapo miaka nenda miaka rudi, bila mlinzi wala mbwa, na hakuna atakayelitorosha hata hatua moja.

Langu liko wilaya ya Korogwe, si mbali na Mnyusi, katika shamba alilotuachia marehemu baba jirani na reli ya Tanga. Ni behewa la mizigo, chuma kitupu, lenye mlango wa kusukuma kila ubavu. Ukisogea karibu utaona herufi tatu za rangi nyeupe iliyobabuka, EAR, na chini yake tarakimu za uzito ambazo kutu imeshazila nusu. Magurudumu yake manane yamezama ardhini mpaka kwenye ekseli. Visanduku vya ekseli vilikuwa na shaba ndani. Leo ni vitupu. Shaba ndiyo iliyotangulia kuondoka, zikafuata mbao za sakafu, kisha vipini vya milango. Kila kilichobebeka kilibebwa. Kisichobebeka ndicho tulichorithi.

Marehemu baba alishalizoea. Alilitumia kuelekezea wageni: "Ukifika kwenye behewa, kata kushoto." Nasi wanawe tulilizoea, mpaka siku mama watoto alipokuja na ramani ya nyumba. Shamba letu lote ni mteremko na bonde, isipokuwa kipande kimoja kilichoinuka, tambarare, chenye upepo na kisichotuama maji. Hapo ndipo behewa lilipokaa.

"Liondoe," akaniambia, kwa sauti ileile ya kuondosha viatu sebuleni.

Nikampigia simu kijana mmoja wa vyuma chakavu. Alikuja na guta na mizani ya kuning'iniza. Akashuka, akalitazama behewa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akairudisha mizani kwenye guta taratibu.

"Mzee, kwenye simu ulisema una chuma."

"Si hicho hapo?"

Akaligonga kwa nyundo, likalia. Akaanza kunipigia hesabu kiganjani kwa kalamu: hapa msumeno hauingii, panatakiwa gesi. Mitungi ya oksijeni, fundi wa kukata na msaidizi wake, lori, vibarua wa kupakia. Seti moja tu ya magurudumu mawili na ekseli yake inakaribia tani nzima, nani atainyanyua? Kiganja kilipojaa akahamia kwenye mkono, na alipofika karibu na kiwiko ikabainika kwamba natakiwa nimuuzie chuma changu kisha nimlipe mimi.

"Lakini nakupunguzia," akasema.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria tangu nizaliwe: "Karatasi ya umiliki unayo?" Yeye ana kibali cha kukusanya vyuma, maana sheria za mazingira siku hizi haziruhusu mtu kuokota na kusafirisha ovyo. Lakini kibali chake hakifiki kwenye treni. Wanaokutwa na vyuma vya reli bila maelezo hufikishwa mahakamani kwa uhujumu uchumi, na sheria ya makosa hayo ipo tangu mwaka 1984. Alipolitamka hilo neno, mimi na yeye tulirudi nyuma hatua kidogo, tukaliacha behewa peke yake.

Basi likawa swali: behewa hili ni la nani?

Kijijini tunaye mzee mmoja, mstaafu wa reli, ambaye bado anatembea akiangalia chini kana kwamba anahesabu mataruma. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba bila kuniangalia. Macho yalikuwa kwenye herufi. EAR, akanieleza, ni Reli ya Afrika Mashariki. Zamani reli na bandari zilikuwa shirika moja la Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, zikabaki herufi hizo tatu. Kwa maelezo yake, behewa liliacha njia katika mvua kubwa, mwanzoni mwa 1977. Kreni ya reli ikaja, ikainua treni nzima, na hili likasukumwa kando ili njia ifunguke. Msimamizi akamwambia baba yangu, "Tutalirudia wiki ijayo."

"Ikawaje?"

"Mwezi wa pili mpaka na Kenya ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huohuo. Sasa waliosema watarudi wangerudi wakiwa shirika gani?"

Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983. Mgawanyo wa mali za Jumuiya uliwekewa saini mwaka 1984, baada ya usuluhishi wa Mswisi mmoja, Victor Umbricht, aliyezunguka kati ya serikali tatu kwa miaka. Mafungu yalikuwa asilimia 42 kwa Kenya, 32 kwa Tanzania na 26 kwa Uganda. Mzee anazijua hizo namba kuliko umri wa wajukuu zake. Akapita kando ya behewa akilipima kwa hatua, akasimama karibu na mlango.

"Kuanzia hapa kwenda kule, mwanangu, kwa haki kabisa, ni kwa Mganda."

Nilimwambia kwamba kilichobaki ndani ya mipaka yetu lazima kitakuwa kilihesabiwa kwetu. Akaguna. Akasema kama ni hesabu, waliohesabu hawakufika huku, maana yeye alikuwepo na hakuona mtu.

Nikaenda ofisini. Jina la ofisi naliacha, kwa sababu walinipokea vizuri, wakanipa kiti, na kila aliyenisikiliza alinielekeza kwa mwenzake aliye sahihi zaidi. Ofisi ya kwanza iliniambia hilo ni suala la ardhi. Wa ardhi wakaniambia ni suala la mali. Wa mali akaniuliza kama limeandikwa kwenye daftari. Nikamuuliza daftari gani. Akasema hilo ndilo la kujua kwanza.

Hatimaye alitumwa mtaalamu na futi kamba. Hifadhi ya reli vijijini ni mita 30 kila upande, kwa hiyo aliianzia kwenye reli, akaivuta kamba kwenye nyasi huku watoto wakimsaidia kuinyoosha, mpaka akafika kwenye behewa. Akapiga magoti. Akaangalia kamba, akaangalia behewa, akarudia tena kuanzia mwanzo. Kisha akaniita nione mwenyewe. Ile alama ya mita 30 ilikuwa imeangukia juu ya ndoano ya kuungia mabehewa, pale inapotokezea.

"Ndoano iko ndani ya hifadhi," akasema.

"Na mwili?"

"Mwili uko kwako."

"Basi niikate ndoano niwaletee?"

"Ukiikata utakuwa umeharibu mali ya reli."

Akaandika kwenye daftari, tukapeana mikono, akapanda bodaboda akaondoka. Sikumlaumu. Kamba ndiyo iliyosema.

Wakati huo habari zilishazagaa kijijini kwamba mtoto wa marehemu anataka kuuza behewa. Siku zote hizo lilikuwa halina mwenyewe. Sasa wenyewe wakaanza kujitokeza. Kikundi cha akina mama cha kukopeshana kilikuwa na viti vya plastiki na masufuria ya shughuli humo ndani, na ufunguo wa kufuli anao mhazini. Mimi sikujua hata kama lina kufuli. Bibi mmoja huwatuma wajukuu wakaanike makopa yake juu ya paa, kwa kuwa mbuzi hawafiki. Vijana wa mpira wanatumia ubavu wa magharibi kama goli. Kwaya inafanyia mazoezi upande wa mashariki, kwa sababu bati linarudisha sauti na waimbaji wachache husikika wengi. Jirani yangu wa juu akaja na hoja nzito zaidi: behewa ndilo alama ya mpaka kati yetu, na marehemu wote wawili walikubaliana hivyo. Likiondoka, itabidi tuanze upya, na yeye anakumbuka shamba lake likiwa kubwa kuliko lilivyo.

Mwenyekiti wa kitongoji alisubiri wamalize wote.

"Hapa panaitwa Behewani," akasema. "Bodaboda wanajua Behewani, muuguzi wa chanjo anajua Behewani. Ukiliondoa, tutapaitaje?"

Mpwa wangu anayesoma chuo alinishauri nilifanye mgahawa, kama alivyoona Ulaya kwenye simu yake. Sikumjibu. Mtu atoke Korogwe mjini, apite vibanda vyote vya chipsi pale stendi, aje kula kwenye behewa lisilo na sakafu? Mwingine akadai nilitengeneze niliuze SGR. Huyo nilimpa darasa: hili ni la reli ya mita moja, na SGR upana wake ni milimita 1,435. Lingetumbukia katikati.

Wakaja na watu wa rupia. Msomaji wa Tanzania hana haja ya kuelezwa hawa ni akina nani. Mmoja alivaa koti katika jua la mchana na kushika dira, akalizunguka behewa, dira ikizunguka nayo. Akanong'ona kwamba Mjerumani alizika mali hapa chini. Nikamwambia herufi hizi ni za 1969, na Mjerumani alikuwa ameshaondoka kwa zaidi ya miaka hamsini.

"Ndiyo maana hakuna aliyefikiria kutafuta hapa," akanijibu.

Kuhusu dira yake, ukiipeleka karibu na tani kadhaa za chuma, hata ya kweli itacheza.

Mama watoto alipoona siku zinapita, akapanga mwenyewe. Aliazima trekta la shamba la mkonge, tulisogeze tu behewa upande wa chini, ndani ya eneo letu, bila kuuza wala kukata, ndoano ifuate mwili wake kwa hiari. Mpango ulikuwa mzuri. Tulichimba udongo kwenye magurudumu, tukafunga mnyororo, kijiji kizima kikatoka. Dereva akaingiza gia. Mnyororo ukakaza, trekta likainua pua, moshi ukajaa, na behewa, ambalo halikuwa limesogea tangu mwaka Jumuiya ilipokufa, likatoa mlio mrefu, likasogea shubiri.

Shubiri hiyo ilitosha kuwaudhi nyuki. Tulijua kuna nyuki darini. Hatukujua idadi yao. Walitoka kwa mpangilio mzuri kuliko kwaya. Dereva aliruka akakimbilia mtoni, mwenyekiti akaingia kwenye mahindi, na mzee wa reli, ambaye huwa anatembelea fimbo, nilimkuta barabarani akiwa amenitangulia. Trekta likabaki linanguruma peke yake, magurudumu ya nyuma yakijichimbia, mpaka dizeli ikaisha. Giza lilipoingia tukalirudia kwa majembe. Lilikuwa limezama kuliko behewa.

Usiku ule nilikumbuka jambo lililonikera zaidi ya nyuki. Waingereza walijenga reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga. Mradi wenyewe ukafutwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya sitini reli ile ikang'olewa. Vyuma vyake vikaja kutumika kuunganisha Ruvu na Mnyusi, njia iliyofunguliwa mwaka 1963. Yaani waling'oa reli nzima kule Kusini, wakaileta hadi hapa jirani yangu. Mimi nimeshindwa behewa.

Barua ya ofisi ilifika baadaye, ina mhuri. Inanipongeza kwa uzalendo na kuniomba niendelee kulitunza behewa "pamoja na ndoano yake" hadi nitakapopewa maelekezo mengine. Mshahara haukutajwa. Nyumba imehamia mteremkoni, msingi umegharimu mara mbili, na saruji tunaiweka kwenye behewa kwa sababu mvua haiingii. Akina mama wa kikundi wametuandikia deni la pango.

Kwa hiyo natangaza hapa: anayelitaka aje alichukue, bure. Aje na kreni yake, gesi yake, barua kutoka Nairobi, Dodoma na Kampala, na mtu anayejua nyuki. Akishuka Korogwe amwambie bodaboda Behewani, atafikishwa. Dira aiache nyumbani.