Nikumbushe, Wewe ni Nani?

Hakuna sentensi inayomshusha mtu kwa upole kama hii: "Samahani, nikumbushe wewe ni nani hasa." Inakuja baada ya kimya kirefu, ikijibu ujumbe ulioanza na "Shikamoo Dokta" na kuishia na namba ya usajili, na anayeiandika ni mhadhiri yuleyule aliyempa mwombaji A ya Sheria ya Mikataba. Mhadhiri hana kosa. Alisoma karatasi, sura hakuiona. Lakini mwombaji anataka kwenda Marekani au Uingereza kusoma uzamili wa sheria, na chuo anachokitaka kinadai wadhamini wawili wa kitaaluma wanaomfahamu vizuri. Hapo ndipo mwanafunzi aliyesoma kwa masafa kama yeye anapogundua kwamba amefundishwa miaka yote hiyo bila kuonekana na mtu.

Hoja yangu ni kwamba kutoonekana huko hakukuwa ajali. Chuo Kikuu cha London kilipowafungulia mitihani yake, mwaka 1858, watu ambao hawakukaa katika madarasa yake, kilikubali jambo zito: lipimwe jibu, si anayelijibu. Kwa njia hiyo ya masafa Nelson Mandela aliendelea kusoma sheria akiwa mfungwa, hadi chuo kikuu cha UNISA cha Afrika Kusini kikamtunuku shahada mwaka 1989, angali kifungoni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinasimama juu ya wazo hilohilo: karani wa Sumbawanga anashinda kazini, anasoma usiku, anafanya mtihani karibu na kwake, na karatasi yake inasafiri ikiwa na namba. Msahihishaji akimjua mwenye karatasi, watu wa haki watalalamika. Kisha mwanafunzi huyo anafika mlango wa pili, ule wa maombi ya uzamili, na kutojulikana kulikokuwa sifa yake kunageuka hatia.

Na mlango wenyewe ni mtambo wa ajabu, unastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa shule nyingi za sheria za Marekani barua hupitia LSAC, shirika lililoko Newtown, Pennsylvania. Mwombaji anajaza jina la mdhamini na barua pepe yake. Mfumo unamtumia mdhamini kiungo. Mdhamini anapakia barua. Mwombaji anaambiwa imepokelewa, basi. Kuisoma ni habari nyingine. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inampa mwanafunzi aliyedahiliwa haki ya kuona kumbukumbu zake za elimu, na sheria hiyohiyo inamruhusu kuiachia haki hiyo kwa barua za mapendekezo. Wengi wanashauriwa waiachie, ili barua ionekane ya kweli. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ya mwanasheria mtarajiwa ni kusaini kwamba hatadai haki yake. Vyuo vingine vina fomu zao, na fomu hizo hupenda majedwali: je, mwombaji yumo katika asilimia 5 bora ya wanafunzi uliowahi kuwafundisha, au 10, au 25? Vipi uongozi wake? Vipi uwezo wake wa kujieleza kwa mdomo? Mhadhiri wa masafa anakodolea macho kisanduku hicho bila kuwahi kusikia hata kikohozi cha anayeulizwa. Kipo kisanduku cha kusema sina taarifa za kutosha, na mtu mkweli angekitia tiki, ila kamati ya udahili huweza kukisoma kana kwamba kuna jambo linafichwa. Juu ya hayo, vyuo vingi vinataka anwani rasmi ya taasisi, si Gmail. Wahadhiri wetu wengi kazi zao zote ziko Gmail. Anwani ya chuo ipo, imechapwa kwenye kadi, na nywila yake ilisahaulika zamani. Kiungo kinatua huko na kufia huko.

Watetezi wa barua hizi wana jibu: alama hazisemi kila kitu. Kweli hazisemi. Ila tuone barua nazo zinasema nini. Mwaka 1981 Baxter na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba barua mbili za mwandishi mmoja kuhusu watu wawili tofauti zilifanana kuliko barua za waandishi wawili kuhusu mtu yuleyule. Maana yake barua humweleza zaidi aliyeiandika. Uchambuzi wa Kuncel na wenzake, wa mwaka 2014, ulikuta barua zinaongeza kidogo sana katika kutabiri alama, lakini zina msaada fulani katika kubashiri nani atamaliza masomo. Nalikubali hilo, na linanisaidia: aliyemaliza shahada ya sheria huku akilea watoto na kuripoti kazini kila asubuhi amekwisha kuthibitisha kwamba humaliza anachokianza. Na tusidanganyane kuhusu wenzake wa kampasi. Katika ukumbi uliofurika, mhadhiri anawajua wa viti vya mbele. Waliobaki huambiwa, "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Barua za aina hiyo zimejaa mezani mwa kamati za udahili, zote za wachapakazi wenye nidhamu, na hilo haliitwi tatizo. Tatizo anaitwa yule ambaye hakuwa na ofisi ya kubishia hodi.

Wapo wanaosema angehudhuria vipindi vya ana kwa ana. Kwa likizo ipi, na kwa nauli ya nani? Wengine wanasema sheria ni kazi ya mwenendo mwema. Lakini mwenendo hupimwa kabla ya mtu kuingizwa katika orodha ya mawakili, na huko Marekani kila jimbo lina taratibu zake za kuuchunguza.

Badala ya barua hizo, vyuo vinaweza kupokea kazi ya maandishi yenye maoni ya mhadhiri pembeni, au barua ya mwajiri. Baadhi tayari huruhusu ya mwajiri kwa aliyekaa nje ya chuo muda mrefu, na vingine vifuate. Hadi hapo, mhadhiri unayesoma haya, tafuta nywila ya ile anwani ya chuo, fungua folda ya barua taka, ubonyeze kiungo kabla tarehe ya mwisho haijapita.