Sifa za Feni ya Umeme
Hapana budi tumsifu mwenye lori la majani ya chai ambaye, akiishi katika baridi na mvua za Kericho, yapata mita 2,000 juu ya bahari, ameing'oa feni ya mkanda iliyotumika miaka bila malalamiko, akatia ya umeme ili injini ipunguziwe mzigo. Kwani umeme huo hutoka kwenye altaneta, nayo altaneta, kama ajuavyo kila mwenye akili, huzungushwa na baraka za wazee, wala si na injini ile ile. Hekima hiyo ni ndugu ya ile iliyoleta mashine mashambani ili mchumaji apumzike, naye amepumzika barabara, pamoja na ujira wake. Na fyuzi ikiungua mpandoni karibu na Litein, hakuna hasara: majani yatanyauka humo humo garini, kiwanda kisipate taabu ya kuyanyausha, na rejeta, kwa ihsani yake, itakuwa imekwisha kuchemsha maji.