Kudai Kazi kwa Adabu

Kijana wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, anayetafuta kazi Nairobi ana cheti kizuri, shati lililopigwa pasi na barua inayoanza hivi: "I demand a job." Kaiandika kwa heshima zote. Bujumbura, barua ya namna hiyo kwa Kifaransa huitwa "demande d'emploi", na "demander" ni kuomba tu, tena kwa unyenyekevu. Kwa Kiingereza "demand" ni kudai. Mwajiri anaisoma mara mbili, kisha anaanza kujiuliza anadaiwa nini.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na wakati huo mkataba wa Jumuiya ulisema lugha yake rasmi ni Kiingereza. Mwaka 2014 nchi yenyewe ikakifanya lugha rasmi.

Wengi hulalamika kwamba Kiingereza ni kigeni mno. Hapana bwana, shida ni kwamba si kigeni vya kutosha! Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066 wakitokea Ufaransa, na kwa karne kadhaa maneno ya Kifaransa yakaendelea kumiminika juu ya yale ya wenyeji. Mengi yakabaki mawili mawili: "begin" na "commence", "ask" na "demand". Ng'ombe akiwa malishoni ni "cow", akifika mezani ni "beef". Hapo mezani mtu wa Bujumbura hatetereki, maana "bœuf" anaijua tangu utotoni.

Balaa ni "assist". Kwa Kifaransa, "assister" kwenye harusi ni kuhudhuria: unavaa, unakaa, unakunywa fanta yako, unaondoka. Kwa Kiingereza ni kusaidia. Sasa mtu akiiandikia kamati ya harusi ya Kampala "I will assist the wedding", kajiandikisha mwenyewe kwenye orodha ya wachangiaji. Mweka hazina humjibu upesi kuliko wote, na namba ya kutumia pesa ameshaiambatanisha.

Kiswahili nacho hakina msaada hapa. Kuazima ni kutoa na ni kupokea. Fundi akisema "niazime spana", anapewa. Kiingereza kinamtaka achague kati ya "lend" na "borrow", naye mikono imejaa grisi.

Basi mwenye barua mezani aipitie kabla ya kuituma. Palipo na "demand", aweke "request". Nalo lilitoka Ufaransa, ila halikupoteza adabu njiani.