Mwulizeni Kizibo Kiko Wapi

Ndugu zangu, jamaa na majirani wote wa nyumbani,

Mkisikia kijana wenu aliyeko Marekani amenunua boti, na picha yake ikawafikia kwenye simu, chombo kinang'aa kama sinia la harusi, msikimbilie kukuna nazi. Samaki haji. Huku upo uvuvi wa kumsaka samaki tangu alfajiri, kumpata, kumpima, kumpiga picha kuliko bwana harusi, kisha kumrudisha majini akaendelee na shughuli zake. Samaki mwenyewe ni besi wa maji baridi, kijani ubavuni, kinywa kipana kama mlango wa godauni. Wenzetu wa Naivasha wanamjua: wazee wake walitolewa huku wakapandikizwa katika ziwa lao mwaka 1929, na watu wa Naivasha, kwa akili zao timamu, wakamkaanga. Huku nako kumla kunaruhusiwa kwa idadi maalumu, lakini mwenye boti ya maana akimla hutazamwa kama aliyemchinja farasi wa mashindano. Msiwaone wendawazimu, hesabu ipo. Ray Scott wa Alabama, aliyeanzisha mashindano makubwa ya besi mwaka 1967, alianza kuwahimiza wavuvi mwaka 1972 wawaachie samaki wakiwa hai, kwa kuwa samaki aliyeliwa hashindaniwi tena. Mpira nao hauliwi baada ya mechi.

Basi la samaki tuliache hapo. La boti ndilo gumu. Boti ya mvuvi wa Mwanza au Malindi ina kazi, na kazi hiyo ndiyo inayoilipia petroli, fundi na rangi. Ikikaa siku tatu bila kutoka, mwenye boti analala na njaa, kwa hiyo ataitengeneza usiku huohuo kwa mwanga wa simu. Boti ya besi haileti hata dagaa. Ni mgeni aliyekuja kwa siku mbili akahamia: anakula, anavaa, anaugua, anataka mahali pa kulala, na hamna wa kumwambia aondoke kwa sababu mlimwalika wenyewe. Ndiyo maana nashikilia hoja moja, nayo ni kwamba boti ya namna hii ichaguliwe kuanzia kwenye matunzo. Mtu ajiulize kwanza ana muda gani, fedha gani, mahali gani pa kuiweka, na mikono yake inajua nini. Rangi na mwendo vije baadaye. Akijijibu kwa ukweli, mara nyingi ataishia na kidau cha alumini cha futi 14 au 16, na hatajuta.

Wanunuzi wengi huanzia upande wa pili. Huuliza inakimbiaje. Boti hizi zilianza kwa unyenyekevu: Holmes Thurman alitengeneza yake huko Shreveport, Louisiana, mwaka 1948, na Forrest Wood alipofungua kiwanda chake mwaka 1968 katika mji mdogo wa Flippin, Arkansas, mwaka ule wa kwanza alitoa boti sita tu. Leo boti kamili ya mashindano ni faiba ya futi 20 au 21, yenye injini ya nguvu farasi 250 kwenye tezi, mota ya umeme kwenye omo ya kunyatia samaki bila kelele, vioo vinavyoonyesha kilicho chini ya maji, na tangi lenye pampu la kumhifadhi samaki hai. Ina mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Ikiwa mpya na vifaa vyake vyote, bei inaweza kupita dola 100,000, fedha ambayo nyumbani inasimamisha nyumba na kubakiza chenji ya uzio. Ikikimbizwa mpaka mwisho, injini hiyo hunywa kama lita 75 kwa saa. Yote hayo kumfuata samaki ambaye hana safari.

Hana safari kwa kuwa besi ni mviziaji. Hujibanza kwenye majani ya maji, ubavuni mwa mti ulioanguka au kwenye kivuli cha gati, akingoja kisichojua kipite. Majira ya kuchipua, maji yanapofikia nyuzi 15 hadi 20 hivi za Selsiasi, husogea kutaga kwenye kina kifupi karibu na ukingo, na dume hubaki pale akilinda kiota. Kwa tabia yuko karibu na pweza kuliko jodari, na wahenga walishasema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Hawakuuliza ana injini gani. Wanawake wa pwani wamewapata pweza kwa miguu yao miwili na kijiti. Anayetaka ushahidi wa huku huku amtazame George Perry, aliyemvua besi wa pauni 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na ushei, huko Georgia tarehe 2 Juni 1932. Alikuwa katika kidau cha mbao cha kujitengenezea. Zawadi yake ilikuwa bidhaa za dola 75, na samaki aliliwa nyumbani, kama inavyopasa. Rekodi hiyo haijawahi kupitwa rasmi. Mwaka 2009 ilifikiwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani. Injini zimekua tangu wakati wa Perry kwa kiasi ambacho samaki hakujulishwa.

Sasa twende kwenye matunzo yenyewe. Chombo cha mbao nyumbani hupigwa kalafati, hupakwa sifa na deheni, na harufu yake humtangulia mwenyewe mjini. Boti ya huku haitaki sifa, ila madai yake ni mengi. Oili ya giaboksi ya chini hubadilishwa walau mara moja kwa mwaka. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hiyo ni chai ya bei mbaya. Aliyeyakaribisha maji mara nyingi ni mvuvi mwenyewe, kwani uzi wa mshipi ukiachwa majini hujizungusha kwenye shafti nyuma ya pangaboi ukakata sili, kwa hiyo inabidi pangaboi lifunguliwe kila baada ya muda litazamwe mgongoni. Impela ya mpira inayovuta maji ya kupoza injini huchakaa, na ukiwasha injini nchi kavu bila maji ili kuwaonyesha wageni mlio wake, umeiunguza. Petroli ya huku mara nyingi huchanganywa na ethanoli kwa asilimia 10, na ethanoli, tofauti na wateja wake wa baa, hupenda sana maji. Ikikaa miezi tangini huyavuta, ikajitenga na petroli pamoja na maji hayo, ikazama chini, na chini ndiko injini inakonywea. Mota ya umeme ya volti 36 inataka betri tatu za volti 12, na betri za risasi zikiachwa tupu kwa muda mrefu hazifufuki. Halafu baridi: maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na hakuna chuma kinachobishana nayo, kwa hiyo kabla ya msimu huo injini husimamishwa wima maji yote yatoke, na tangi na pampu zikaushwe. Trela nalo lina dawa zake. Beringi hupata joto barabarani. Mwenye pupa akilizamisha majini papo hapo, hewa iliyo ndani hunywea kwa baridi na kufyonza maji kupitia kwenye sili, grisi ikaharibika, na ziko boti zinazokwama kando ya barabara kuu, mbali na ziwa lolote.

Pimeni mzigo huo kwa kila aina ya boti mtaona hoja inavyosimama. Kidau cha alumini chenye injini ya nguvu farasi 10 kina plagi chache, oili kidogo, betri moja, na trela jepesi ambalo watu wawili hulisukuma kwa mikono. Matunzo yake ya mwaka huisha alasiri moja na kipindi cha redio. Sisemi hakina maradhi. Ribiti hulegea zikavujisha, na anayetengeneza sakafu ya mbao zilizotiwa dawa yenye shaba atakuta unyevu umeisaidia shaba kuila alumini. Lakini hayo ni maradhi ambayo mtu anayaona kwa macho na kuyatibu mwenyewe, bila fundi kumwandikia bili ndefu kama hotuba ya bajeti.

Najua yatakayosemwa. La kwanza, kwamba kidau ni hatari kwenye ziwa kubwa. Ni kweli, na kwenye maji kama Guntersville kule Alabama, au St. Clair mpakani na Kanada, upepo ukiamka futi 14 ni chache. Lakini hilo ni suala la kuchagua maji kabla ya kuchagua chombo. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Yako mabwawa na vijiziwa visivyohesabika vyenye besi, na vingine haviruhusu injini ya petroli kabisa, kwa hiyo farasi 250 wangekwenda kule kulala. Tena usalama hauuzwi kwa futi peke yake. Takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi wanaozama hawakuvaa jaketi okozi. Boti zilizo chini ya futi 20 hubandikwa kibao kinachotaja uzito na idadi ya watu. Asiyekisoma atazama katika chombo chochote. Na boti iendayo kilomita 110 kwa saa ina hatari zake, ndiyo maana tangu Aprili 2021 waendesha boti nyingi ndogo wanatakiwa kujifunga kamba ya kuzima injini, wakirushwa majini boti isiendelee na safari peke yake.

La pili, kwamba mashindano yanadai mwendo. Yanadai. Fainali kubwa ya Bassmaster humpa mshindi dola 300,000, na anayetafuta samaki watano bora ndani ya saa chache hawezi kupiga kasia. Huyo ana kazi, sawa na mvuvi wa Mwanza, na boti yake itajilipia au itamfilisi kwa haki. Kwa anayetoka Jumamosi mbili kwa mwezi, kununua boti ya mashindano ni kununua lori ukisubiri kuitwa kwenye tenda usiyoomba. La tatu, kwamba boti kubwa iliyotumika hupatikana kwa bei ya kidau kipya. Hapo nawakumbusha kwamba rahisi ghali. Faiba nyingi za zamani zina mbao ndani ya tezi, na mbao hizo zikioza rangi ya nje hubaki ikitabasamu. Mnunuzi aukandamize mguu wa injini kwa uzito wake na kutazama tezi. Ikinepa, arudishe pochi mfukoni.

La nne ndilo zito: mtu amehangaika, fedha ni yake, mwacheni afurahi. Silipingi hilo. Si kila kitu ni cha faida, la sivyo tusingekuwa na taarabu. Ila furaha ya uvuvi iko majini, na boti iliyomshinda mwenyewe huishia nyuma ya nyumba chini ya turubai, ikikusanya majani makavu na madeni. Wamarekani wenyewe husema mwenye boti ana siku mbili za furaha, ya kuinunua na ya kuiuza. Mwenye kidau hupata zote zilizo katikati.

Kwa hiyo habari ikiwafikia, msitoe hongera haraka. Chini ya chombo chochote, kikubwa au kidogo, ipo nguruzi, tundu la kutolea maji. Kizibo chake hutolewa kila safari inapoisha, na majimbo kadhaa yameliandika jambo hilo katika sheria, kwa kuwa kome wadogo wenye mistari, waliogunduliwa Ziwa St. Clair mwaka 1988, husafiri katika maji yaliyobaki botini na kulichafua ziwa jingine. Safari ifuatayo kizibo hurudishwa kabla ya boti kugusa maji. Aliyesahau huzama palepale bandarini, mbele ya foleni. Basi mpigieni kijana simu mumwulize kizibo kiko wapi. Akiwajibu papo hapo, mpeni hongera yake. Akiuliza kizibo gani, mwambieni avae jaketi.

Ni mimi ndugu yenu wa ughaibuni.