Paka Aliyelala Kabla ya Wakati

Wifi yangu anayeishi Uingereza akija likizo huja na mabegi mawili, akirudi huondoka na moja. La pili hutuachia sisi pamoja na kila kilichomo: nguo zilizombana, chokoleti iliyoyeyuka ikaganda upya, na vitabu. Safari hii vitabu vilikuwa tisa. Vinane vilikuwa vya watoto kwelikweli. Cha tisa ndicho kilichotuvunjia kufuli.

Kilikuwa chembamba, jalada limechanika, jina limebaki: The Bloody Chamber. Mwanangu wa mwisho, wa darasa la nne, hakushughulika na jina. Alipitisha kidole kwenye orodha ya hadithi akakuta “Puss-in-Boots”, na kwa kuwa paka mwenye viatu anamjua tangu chekechea, akamfuata baba yake na mto kwapani.

Mume wangu ana desturi moja nzuri, nami simnyimi sifa yake: usiku humsomea mtoto Kiingereza na kumfasiria papo hapo. Mimi nilikuwa sebuleni napiga pasi sare za shule. Nikasikia mwanzo unakwenda vyema. Paka anasimulia mwenyewe, anaitwa Figaro, yuko Bergamo huko Italia, anajisifu kama mpiga debe wa stendi. Mtoto anacheka. Bwana wake ni kijana aliyempenda mke wa mzee bahili, na mke huyo amefungiwa ndani na kikongwe wa kumchunga. Bado mambo mazuri. Ngano zetu zimejaa wazee wa aina hiyo. Kisha sauti ya mume wangu ikaanza kupunguza mwendo, kama daladala iliyoona trafiki mbele. Akakohoa. Akafunua ukurasa, halafu tatu kwa mkupuo.

“Basi paka akalala,” akasema.

“Akalala? Na bwana wake?”

“Naye akalala.”

“Na yule mke wa mzee?”

Kimya. Kisha: “Wote walilala. Na wewe lala.”

Hakusema uongo. Walilala, kwa ile maana nyingine, na mara ya pili mzee alikuwa maiti mlemle chumbani, kavunjika shingo kwa kujikwaa kwenye paka.

Akaja sebuleni ameshika kitabu kwa vidole viwili, kama aliyemshika panya mkia. “Soma hapa, bibie.” Nikasoma pale. Nikasoma na chini ya pale. Nilipoomba niazimwe hadi asubuhi alinitazama kama aliyeoa mtu mwingine. Akaenda kwenye kabati la vyombo la mama yake, lile la mninga lenye vioo, mnamokaa masinia, birika la fedha na sahani zenye ukingo wa dhahabu. Akakisukumia nyuma ya masinia, akafunga, akatia ufunguo mfukoni mwa koti. Pasi ikawa imeunguza kola ya shati la shule.

Usiku uleule vita vikahamia kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mume wangu aliandika waraka: dada yake ameleta uchafu akaupakaa kwenye hadithi za watoto. Wifi akajibu kwa sauti, dakika saba, na nyuma yake birika la chai linapiga mluzi. Alisema Angela Carter, aliyekiandika na kukitoa mwaka 1979, hakupaka kitu, alikwangua chokaa. Miaka miwili kabla yake alikuwa amemfasiri Charles Perrault kutoka Kifaransa, akaona hadithi zilivyokuwa 1697. Kwa Perrault, kile kisa cha kofia nyekundu hakina mwindaji wa kuja kuokoa mtu. Mbwamwitu anamla bibi, anamla mjukuu, basi, kisha yanafuata mashairi ya kuwaonya wasichana kwamba mbwamwitu wabaya kuliko wote ni wale wapole wenye maneno ya asali. Mwindaji yumo kwa ndugu Grimm, Wajerumani walioanza kuchapa ngano mwaka 1812 na kuendelea kuzisugua toleo baada ya toleo. Mama wa Snow White, aliyetaka mwanawe auawe, alikuwa mama mzazi hasa katika toleo la kwanza; la 1819 likamgeuza mama wa kambo. Na yule mrembo aliyelala? Katika kitabu cha Giambattista Basile wa Napoli, kilichotoka karne ya kumi na saba baada ya kifo chake, jina lake ni Talia, na anayemkuta usingizini ni mfalme mwenye mke wake nyumbani. Hakumwamsha. Alichofanya ni jinai, na baada ya miezi tisa wakazaliwa mapacha mama yao angali amelala.

“Hiyo ndiyo hadithi safi unayoitaka,” wifi akamaliza.

Mume wangu akasema mambo ya Wazungu abaki nayo Mzungu. Yeye watoto wake atawasomea Abunuwasi. Hapo nadhani alijikwaa. Wifi alisubiri asubuhi, akaandika kwa utulivu kabisa kwamba Abunuwasi wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad aliyesifu mvinyo na wapenzi, wa kike na wa kiume, na kwamba Waswahili nasi tulimwogesha, tukampa punda na ujanja, tukampeleka shule ya msingi. Akaongeza kwamba Alfu Lela Ulela nayo inaanza na mfalme anayeoa kila usiku na kuua kila alfajiri. Shemeji yangu wa Muscat, ambaye kwa kawaida hutuma picha za ngamia tu, akaandika kwamba anamuunga mkono kaka yake kwa asilimia mia. Dakika tano baadaye akaniandikia mimi pembeni kuuliza kama kitabu kinapatikana kwa pdf.

Kwa haki, wifi hakuficha kwamba hata wanawake wasomi wa kwao hawaelewani. Patricia Duncker aliandika mwaka 1984 kwamba Carter alidhani anazivunja hadithi za zamani kumbe amejifungia ndani yake: bado kuna dume lenye meno na mwanamke anayejifunza kulitamani. Na wapo wanaoweka kapu moja Carter na Anne Rice, Mmarekani wa riwaya za wanyonya damu, ambaye kati ya 1983 na 1985 alitoa vitabu vitatu juu ya huyo mrembo aliyelala, kwa jina la kujificha, A. N. Roquelaure. Mwaka 1996 maktaba ya umma ya Columbus, Ohio, iliviondoa ikisema ni ponografia tupu. Wifi alinitumia kurasa za Rice nijionee. Nilichoka kabla sijakasirika. Mijeledi ni mingi na haibadiliki, kama filimbi ya mlinzi wa usiku. Carter ni mtu mwingine. Anaandika kama fundi wa kanzu, kila tundu la sindano limekusudiwa. Anayesema hawa wawili ni sawa, nahisi amesoma mmoja, au hakusoma yeyote.

Lakini mimi nani aliniuliza? Nilikuwa na kurasa nne kichwani na kabati limefungwa.

Ikafika Jumamosi ya posa. Binti yetu mkubwa, wa miaka ishirini na minne, anayemalizia chuo, alikuwa anakuja kuposwa na watu wa Pangani, na mavyaa alikuwa ameapa kwamba watu wa Pangani hawatalishwa kwenye sahani za plastiki. Saa mbili asubuhi nikaomba ufunguo. Mume wangu akajipapasa mifuko. Akapapasa suruali iliyoanikwa. Kisha uso ukamshuka. Koti lilikuwa limekwenda kwa dobi siku tatu nyuma.

Dobi wa Barabara ya Nane alisema alikuta mfukoni sarafu moja na risiti ya luku, na kwamba yeye si mwizi, na kwamba baba yake pia hakuwa mwizi. Saa nne kasoro akaja fundi na mtoto wake na bisibisi moja. Alilizunguka kabati mara mbili kama daktari wa ng'ombe. Akasema kufuli za zamani hizi zina adabu. Baada ya nusu saa ya adabu akachukua patasi. Mninga ulipiga kelele ambayo naamini ilisikika Pongwe, na mlango ukafunguka na kipande chake mkononi mwa fundi.

Masinia yalikuwepo. Birika lilikuwepo. Sahani zote kumi na mbili. Nyuma ya masinia hapakuwa na kitu.

Mume wangu akanigeukia polepole. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na nikaona ananihesabu pamoja na dobi. Sikumjibu. Nilikuwa na pilau ya watu thelathini.

Posa ilipita salama, watu wa Pangani walikula na kuzisifu sahani. Jioni nilimpelekea mavyaa kahawa chumbani kwake. “Shikamoo, Mama.” Akaitika bila kunitazama, kwa kuwa alikuwa anasikiliza. Binti yangu alikuwa amekaa chini, kando ya kitanda, mgongo ukutani, kitabu magotini, anafasiri. Waliponiona wakanyamaza kama wanafunzi. Kisha mavyaa akacheka, akasema, “Endelea, mke mwenzangu. Huyu naye ni mtu mzima.”

“Mama, ufunguo uliupata wapi?”

“Kabati nilikuja nalo kwa mume,” akasema. “Lilikuja na funguo mbili. Mwanangu nilimpa mmoja, akadhani ndio wote.”

Hadithi zote kumi walikuwa wamezimaliza, baadhi mara mbili. Ukurasa wa pili ulikuwa na doa jekundu la tambuu. Ni lazima nieleze kwamba mavyaa ni somo. Nusu ya maharusi wa mtaa wetu walipita mikononi mwake, na kinachosemwa ndani ya chumba chake cha unyago hakijawahi kunishangaza tena tangu nilipokisikia. Marehemu Bi Kidude alizunguka dunia akiimba taarabu, na Unguja akawa pia somo na mpiga msondo, wala hakuna aliyeona ajabu. Mume wangu alikuwa akiikinga nyumba yenye kikongwe huyu na mambo ambayo yeye ndiye anayeyafundisha.

Nilimuuliza amekionaje. Alifikiri, akitafuna.

“Anajua mambo,” akasema. “Ila hana ukumbi. Mimi nikisema, mlango umefungwa na ngoma inapigwa nje, mpita njia asisikie. Yeye kaweka barabarani, kila mwenye hela anunue. Ndiyo maana wanagombana. Na kile chumba cha harusi, katika hadithi ya kwanza! Mwanamume kakijaza mayungiyungi, hapana asumini, hapana udi. Ni harusi au matanga?”

“Na huyo mwanamume?”

“Ana chumba cha siri. Mume akikupa ufunguo akakwambia usifungue, anataka ufungue. Akupe sababu.” Akanitazama kidogo, nami nikaangalia kahawa. “Lakini yule mama mzazi wa bibi harusi! Kaja mwenyewe kumwokoa, juu ya farasi, na bastola ya marehemu mumewe. Risasi moja. Hakutuma mshenga, hakuita kikao. Msomee mama yako hapo.”

Binti yangu akafungua bila kutafuta. Kitabu kilikwisha kuzoea kukunjuka pale.

Usiku, mwanangu wa mwisho alikataa kulala. Alisema anadai mwisho wa paka. Baba yake akajifanya ana simu ya kikazi. Basi mavyaa akamwita, “Njoo, mume wangu, mimi namjua huyo paka,” akamlaza ubavuni, akaanza. Paka sasa alikuwa wa kwetu Tanga, mzee bahili ana duka la mchele, kikongwe mchungaji ana kipandauso. Paka anaachia panya ndani, mke anapiga kelele, kijana anaingia kama fundi wa kutega panya. Yote yalikuwa kama kitabuni.

“Kisha?” akauliza mtoto.

“Kisha yule mke na yule fundi wakakanda unga.”

“Wa maandazi?”

“Wa maandazi. Walikanda mpaka meza ikalia.”

Nyuma ya pazia binti yangu alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Mtoto aliuliza kama mzee aliporudi alipewa andazi. Akaambiwa hakuwahi, alijikwaa kwenye paka. Akaridhika, akalala kabla paka hajalala.

Mume wangu alikuwa amesimama kizani ukumbini, simu sikioni, haina mtu upande wa pili. Mkono mwingine ulikuwa umeshika koti alilorudishiwa na dobi, na kidole chake kimepita kwenye tundu la mfuko hadi ndani ya bitana, ambako kitu kilikuwa kinagongagonga.

“Bibie,” akaninong'oneza, “yale maandazi ni maandazi gani?”